Mjeledi wa Bwana na Hasira Zetu



Katekista mmoja wa milima ya Ileje, mwenye kigango kisicho mbali na Itumba, ametuletea swali ambalo hatukuona vema kulijibu kwa mistari mitatu katika safu ya maswali. Anaeleza kwamba baada ya kusomwa Injili ya Bwana wetu kuwafukuza wafanya biashara Hekaluni, vijana walibaki nje ya kanisa wakibishana juu ya wezi wa kahawa. Mmoja wao, mwimbaji wa kwaya, kijana asiyekosa Misa padre afikapo, akasema: "Hata Bwana alishika mjeledi. Mwizi akikamatwa na watu wakammaliza, hiyo nayo si hasira takatifu?" Wenzake wakanyamaza, na katekista naye akapapasa jibu asilione.

Tunamshukuru kwa unyofu wake. Swali hili haliko Ileje tu. Yeyote asomaye magazeti ya nchi yetu ameuzoea msemo "wananchi wenye hasira kali". Mtu ameshukiwa wizi wa pikipiki, au bibi kizee ameshukiwa uchawi kwa sababu macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa jikoni wa miaka sitini. Kesho yake habari yasema ameuawa na wananchi wenye hasira kali. Taarifa za kila mwaka za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu katika miaka ya 2010 ziliwahesabu waliokufa hivyo kwa mamia. Msemo wenyewe tunauonea mashaka. Hauna jina la mtu, hauna kijiji, hauna ubatizo. Ukiusoma haraka utadhani ni hasira iliyookota mawe na kumwaga petroli, na watu walikuwapo tu kutazama. Kumbe kila jiwe lilikuwa na mkono wake, na yamkini baadhi ya mikono hiyo Dominika iliyofuata ilinyooshwa kupokea Mwili wa Bwana.

Basi tuifungue Injili yenyewe, kwa maana kijana ameitaja Injili, na ni haki ajibiwe kwa Injili.

Wainjili wote wanne wanasimulia jambo hili: Matayo sura ya 21, Marko ya 11, Luka ya 19 na Yohane ya 2. La kwanza la kuangaliwa ni hili, kwamba katika habari ya Hekalu hakuna hata mmoja wao aliyeandika neno hasira. Yohane anasema wafuasi walikumbuka Zaburi inayotaja wivu kwa ajili ya nyumba ya Mungu, yaani upendo mkali unaomla mwenye kuwa nao. Anayeliwa ni yeye mwenyewe mwenye wivu huo. Naomba msomaji aliweke neno hilo akilini, kwa maana tutalihitaji tena.

Je, kulikuwa na kosa gani pale Hekaluni? Msomaji wa Tunduma hahitaji kufafanuliwa kazi ya mbadili fedha. Amewaona mpakani, shilingi mkono mmoja na kwacha mkono wa pili, na anajua kwamba mtu atokaye Nakonde na haraka zake hukubali bei ambayo mwenye nafasi angeikataa. Kule Isongole, njia ya Malawi, ni vivyo hivyo, ila kwacha ni nyingine. Kazi hiyo peke yake si dhambi, msafiri anaihitaji. Hata Yerusalemu ilihitajiwa. Kila mwanamume Myahudi mtu mzima alitoa nusu shekeli kwa mwaka kwa ajili ya Hekalu, na iliyopokelewa ni fedha ya mji wa Tiro tu, kwa sababu ilikuwa safi kuliko nyingine. (Wengine hufundisha kwamba fedha nyingine zilikataliwa kwa ajili ya sanamu ya Kaisari. Lakini fedha ya Tiro yenyewe ilikuwa na kichwa cha mungu wa kipagani! Usafi wa madini ndio uliotazamwa.) Aliyekuja kutoka mbali ilimpasa kubadili, na kila kubadili kulikuwa na ada yake.

Kisha kulikuwa na njiwa. Sheria ya Musa, katika kitabu cha Walawi sura ya 12, ilimruhusu mama aliyejifungua, kama hana uwezo wa kutoa mwana-kondoo, alete ndege wawili. Njiwa walikuwa sadaka ya maskini. Mama Bikira Maria na Mtakatifu Yosefu walitoa hiyohiyo walipompeleka Mtoto Yesu Hekaluni. Luka ameiandika bila kuona haya. Sasa fikiri bei ya sadaka ya maskini inapopandishwa. Mapokeo ya Wayahudi wenyewe, katika Mishna, yanasimulia kwamba siku moja jozi ya ndege iliuzwa Yerusalemu kwa dinari ya dhahabu. Mwalimu Simeoni bin Gamalieli akaapa kwamba halali usiku ule mpaka bei ishuke. Akaingia barazani, akafundisha kwamba mama aliyekuwa na deni la sadaka nyingi aweza kutoa moja akatimiza wajibu wake, na siku ileile bei ikaanguka hata robo ya dinari ya fedha. Tunapenda habari hii kwa sababu mbili. Kwanza, inatuzuia tusidhani kwamba Wayahudi wote walifurahia biashara ile. Walikuwapo walimu wao walioona uchungu uleule. Pili, inaonyesha mtu aliyekasirika sana, na hasira yake ikaenda moja kwa moja kwenye bei, wala haikugusa kichwa cha mtu.

Bado kulikuwa na jambo zito zaidi, nalo linatuhusu sisi kuliko tunavyofikiri. Wataalamu wengi huona kwamba soko lile lilikuwa katika ua wa nje, ulioitwa ua wa mataifa. Asiye Myahudi hakuruhusiwa kupita hapo kwenda ndani. Palikuwa na kizuizi chenye maandishi ya Kigiriki ya kumwonya mgeni kwamba akivuka atajitakia kifo. Jiwe moja la maandishi hayo lilipatikana Yerusalemu mwaka 1871, na leo liko katika jumba la makumbusho la Istanbul. Basi, ua ule wa nje ndipo mahali pekee ambapo mtu wa mataifa angeweza kusimama na kumwomba Mungu wa kweli. Kama Mndali, au Mmalila, au Mnyiha angalifika Yerusalemu siku zile, angesimama hapo. Na hapo ndipo palipojaa ng'ombe, na kelele za bei, na watu wakikatiza na mizigo yao kama njia ya mkato. Marko anasema Bwana aliwazuia hata hao. Ndiyo maana alikumbusha maneno ya nabii Isaya kwamba nyumba ile ilikusudiwa kuwa ya sala kwa mataifa yote. Aliteta kwa ajili ya mtu ambaye hakuwapo kujitetea. Aliteta kwa ajili yetu.

Yeye mwenyewe hakunyang'anywa kitu siku ile. Hakuna aliyemtukana, hakuna aliyemwibia. Walipomtukana na kumvua nguo zake, siku chache baadaye, hakushika mjeledi.

Tuangalie pia namna alivyofanya. Marko, kwa maneno machache ambayo wasomaji wengi huyaruka, anasema kwamba jioni ya siku aliyoingia Yerusalemu Bwana alikwenda Hekaluni, akatazama kila kitu pande zote, na kwa kuwa saa ilikuwa imekwisha kwenda akatoka na wale Kumi na Wawili kwenda Betania. Kazi aliifanya kesho yake. Aliyaona yote jioni, akaenda kulala! Yohane naye anasema mjeledi aliusokota mwenyewe kwa kamba. Nako kusokota kamba si kazi ya kufumba na kufumbua. Wafafanuzi wengi huuelewa mjeledi ule kuwa wa kuwatoa ng'ombe na kondoo, kama afanyavyo mchungaji yeyote. Ng'ombe walitoka, fedha zikamwagika, meza zikapinduliwa. Lakini alipofika kwa wenye njiwa aliwaambia tu wawaondoe, maana ndege wa tunduni ukiwapindua wamepotea, na mwenye mali hawezi tena kuwapata. Hata mali ya aliyekosa aliihurumia. Hakuna aliyejeruhiwa ambaye Injili inamtaja.

Na baada ya hayo? Matayo anaandika kwamba vipofu na viwete walimjia mle Hekaluni, akawaponya, na watoto wakapaza sauti za kumsifu. Nenda sasa mahali ambapo mtu amechomwa moto, uangalie nani anakuja. Mama anamfunika mtoto macho na kumvuta ndani. Kiwete anajitahidi kuondoka asije akakanyagwa. Kwa hasira ya Bwana wanyonge walisogea karibu.

Tena aliliita Hekalu pango la wanyang'anyi, kwa maneno ya nabii Yeremia, sura ya 7. Pango silo mahali pa kunyang'anyia. Mnyang'anyi hunyang'anya njiani, na pangoni hukimbilia kujificha. Watu wa siku za Yeremia waliiba, wakaua, wakaapa uongo, kisha wakaja Hekaluni wakasema, tumesalimika. Nyumba ya Mungu wakaifanya kificho cha matendo yao ya juma zima. Maneno haya yanamkaribia mwuaji wa Jumatano aimbaye Dominika, kuliko yanavyomkaribia mbadili fedha wa Tunduma.

Mahali ambapo Marko ameitaja hasira ya Bwana waziwazi ni kwingine, sura ya 3, katika sinagogi, siku ya Sabato. Palikuwa na mtu mwenye mkono uliopooza, na watu walimvizia Yesu waone kama atamponya wapate kumshtaki. Aliwatazama kwa hasira, na papo hapo akaona huzuni kwa ajili ya ugumu wa mioyo yao. Hasira na huzuni katika mtazamo mmoja! Kisha akaponya mkono. Wao wakatoka kufanya shauri la kumwangamiza. Vivyo hivyo baada ya Hekalu: wakuu wakatafuta njia ya kumwua. Mara zote mbili gharama ya hasira yake aliilipa yeye.

Walimu wa Kanisa walilichungua jambo hili kwa makini. Mtakatifu Gregori Mkuu anatofautisha hasira ya uovu, inayopofusha jicho la roho, na hasira ya bidii njema, inayolisumbua jicho kwa kitambo kama dawa ya macho inavyowasha kabla ya kuponya. Anaonya kwamba hata hiyo njema ikae nyuma ya akili kama mtumishi, isitangulie mbele kama bibi wa nyumba. Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliyapokea mafundisho hayo, akaongeza lililo gumu kwa watu wapole: kutokasirika kabisa, pale ambapo akili inadai mtu akasirike, nako kwaweza kuwa kosa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2302, yakubali kwamba kutaka adhabu ili uovu urekebishwe na haki itunzwe ni jambo la kusifiwa. Bali kutaka kisasi kwa kumdhuru anayestahili kuadhibiwa ni haramu. Anayestahili kuadhibiwa, tafadhali. Kanisa halisemi kwamba mwizi hana hatia.

Isidhaniwe kwamba meza za Hekaluni zilikwisha pamoja na Hekalu. Kila parokia yetu inajua harambee, na mgeni rasmi, na kiti chake cha mbele, na hotuba yake baada ya Komunyo. Kwa jirani zetu wa Kenya jambo hili lilifika kilele mwaka 2024. Vijana waliotoka barabarani mwezi wa Juni kupinga Muswada wa Fedha waliyalaumu pia makanisa kwa kuwapa wanasiasa nafasi mbele ya madhabahu. Dominika ya 17 Novemba 2024 Rais William Ruto alihudhuria Misa katika kanisa la Soweto, Nairobi. Alitoa shilingi za Kenya milioni 2 kwa nyumba ya mapadre na 600,000 kwa kwaya na kundi jingine la parokia, akaahidi milioni 3 zaidi pamoja na basi. Gavana wa Nairobi, Johnson Sakaja, alitoa 200,000. Siku iliyofuata Askofu Mkuu Philip Anyolo alitangaza kwamba fedha hizo zitarudishwa, na kwamba Kanisa lisitumiwe kwa faida ya siasa.

Wako waliosema ni siasa tu, na wako waliouliza kwa nini miaka mingi ya sadaka za namna hiyo ilipita kimya. La pili ni swali la haki. Lakini sisi tunaangalia hesabu. Nyumba ya mapadre ililala bila milioni 2 zile. Basi halikuja. Kwaya, ambao kwa kawaida ni watu maskini wenye sare zilizopauka, waliona fedha ikiingia na ikitoka. Hiyo ni hasira iliyomgharimu mwenye kukasirika, nayo twaisadiki kwa sababu hiyo.

Hapa kwetu tunao mfano wa namna nyingine. Usiku wa 26 Februari 2023 mtu alivunja akaingia katika kanisa kuu la Geita, akaharibu vitu vitakatifu. Kama kuna siku ambayo Wakristu wangedai kuwa na hasira takatifu, ni hiyo. Mtuhumiwa aliachwa mikononi mwa polisi. Askofu Flavian Kassala alilifunga kanisa kuu hadi 18 Machi, muda wa siku 20, uwe wakati wa toba na malipizi, kwa maana waamini walifanya kitubio kwa dhambi ambayo hawakuitenda. Kwa akili ya dunia ni jambo la kustaajabisha.

Turudi Ileje, kwenye kahawa. Hatutaki kumfanya kijana wetu aonekane mnyama, kwa maana si mnyama. Mkulima amepalilia, amepogoa, amepulizia dawa, amechuma, ameanika. Na katika kahawa ile kuna ada ya shule na bati za nyumba. Usiku mmoja mtu anapita na gunia. Kituo cha polisi kiko mbali. Mara nyingine mshukiwa hupelekwa, na baada ya siku tatu anaonekana amekaa dukani akicheka. Moyo unaochemka kwa hayo haujatenda dhambi. Tungemshangaa zaidi asiyechemka.

Lakini ichunguzwe hasira hiyo inakwenda wapi. Ikienda kwenye kichwa cha mtu aliyefungwa kamba, basi imechagua palipo rahisi. Pale hakuna wa kuijibu, na gharama yote analipa yule aliyelala chini, pengine pia mke wake, pengine mtu asiye mwizi kabisa, aliyepita njia ile kwa bahati mbaya. Ikiwa kweli ni kwa ajili ya haki, iende pagumu: kumfikisha mwizi hai kwa mwenyekiti wa kijiji na polisi, kuandikisha maelezo kwa jina lako kamili, kufika mahakamani kutoa ushahidi, kesi ikiahirishwa kurudi tena, na tena, wakati wa kupalilia ukipita. Kesi nyingi za wizi hufa kwa kukosa shahidi, wala si kwa rushwa peke yake. Wanaume mia moja waliotoka usiku na marungu, watatu tu wakitakiwa kwenda kusimama mbele ya hakimu, huwa na shughuli. Na kama rushwa ipo, basi hiyo ndiyo meza ya kupinduliwa, kwa barua, kwa mikutano ya kijiji, kwa kura, kwa kukataa kuitoa sisi wenyewe tunaposhikwa na makosa yetu ya barabarani. Hayo yote yanakula siku za mtu na fedha zake. Yanamla, kama ile Zaburi ilivyosema.

Juu ya bibi kizee wa macho mekundu hatuandiki mengi. Hapo hakuna hata gunia lililoibwa. Ni hofu tu imejivika nguo ya haki, na Mkristu anayempeleka mama wa watu kwa mganga mpiga ramli "akathibitishwe" amekwisha iasi Amri ya kwanza kabla hajafika ya tano.

Yabaki maneno juu ya ibada. Nabii Isaya, mwanzoni kabisa mwa kitabu chake, anawaambia watu wanaoinua mikono kusali kwamba Mungu amefumba macho asiwatazame, kwa sababu mikono ile ina damu. Wala hawakuwa wavivu wa kusali. Sadaka zao zilikuwa nyingi na sikukuu zao hazikukosa. Bwana wetu naye, katika hotuba ya mlimani, anamwambia mtu aliyekwisha fika altareni na sadaka yake, akakumbuka kwamba ndugu ana neno juu yake, aiache palepale aende kwanza wakapatane. Hasemi kwamba ndugu huyo ni mwema. Anasema ana neno. Mjane wa mtu aliyeuawa kwa mawe ana neno juu ya kijiji kizima, na kwa kawaida hana wa kumwambia.

Kwa hiyo, Katekista, mwambie mwimbaji wako kwamba Bwana alishika mjeledi kweli, wala usimfiche. Na umsomee tena sura ya 11 ya Marko polepole, tangu ile jioni. Na kama katika kigango kuna watu waliokuwa ndani ya kundi la namna hiyo, wawe walirusha jiwe, wawe walishika tochi tu ili wengine waone vizuri, wasikae mbali na Kanisa kwa aibu, wala wasije kwenye Komunyo kana kwamba halikutokea jambo. Padre afikapo kigangoni huketi kuungamisha kabla ya Misa. Waje mapema, maana maungamo ya namna hiyo hayaishi kwa dakika mbili; na habari ya mjane na watoto wake ni lazima izungumzwe humo.